Kati ya kitanda cha mgonjwa na dirisha la dawa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaojitolea makanisani na misikitini: viongozi wa jumuiya, akina mama wa vikundi, walimu wa madrasa, wanakwaya. Kila mmoja anauliza kwa namna yake swali lilelile: mgonjwa tunaye, zahanati ipo, mbona hafiki? Tumejibu sita.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo huku Kibaha. Kuna baba mmoja anaishi peke yake, anakohoa tangu mwezi uliopita na amekonda sana. Tumemwombea, tumempelekea unga na mafuta. Tukimwambia aende zahanati anasema atakwenda kesho. Tufanye nini zaidi ya kumwambia?

Milele amina. Msiendelee kumwambia. Mpelekeni.

Hiyo "kesho" ina sababu ndani yake, na mtu mzima hawezi kuitaja mbele ya jumuiya nzima. Mmoja wenu anayeelewana naye akae naye peke yake amuulize taratibu: ni nauli? Anaogopa gharama? Anaogopa atakachoambiwa? Au miguu haina nguvu ya kusimama foleni? Kila sababu ina dawa yake. Mkimchangia nauli mtu anayeogopa majibu, nauli itakwisha na yeye bado yuko kitandani.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinatosha kumpima mtu kifua kikuu (TB), na kwa anayeishi na VVU kikohozi cha siku yoyote kinatosha. Siku moja kabla ya safari, mmoja wenu aende zahanati peke yake aulize mambo matatu: kliniki ya TB ni siku gani, nani anapokea wagonjwa, na je, makohozi yanapimwa hapo au yanasafirishwa kwenda kituo kingine. Maswali hayo yanawaokoa na jambo linalovunja wagonjwa wengi moyo, yaani kufika na kuambiwa "rudi Alhamisi". Mgonjwa dhaifu akirudishwa mara moja, mara ya pili haji.

Mkiwa hapo ombeni kikopo cha makohozi na mumfundishe kukitumia, kwa sababu kipimo kizuri huharibikia kwenye sampuli. Sampuli nzuri ni ya asubuhi, akiamka tu. Asukutue mdomo kwa maji matupu, atoke nje mahali penye hewa, mbali na watu. Avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua. Kinachotakiwa ni makohozi mazito, kama kijiko kimoja cha chai. Mate meupe yenye povu hayafai: maabara itapima mate, jibu litasema hakuna TB, na mtu ataendelea kuumia akiamini ni mzima. Jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Kifungwe vizuri, kikae kivulini, kifike siku hiyohiyo.

Kipimo na dawa za TB ni bure. Nauli na chakula cha njiani si bure, na hapo ndipo sadaka yenu ina kazi kuliko kwenye unga.

Akikutwa na TB ya kawaida, matibabu ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne ndani ya kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Kituo kitataka msimamizi wa kumwona akimeza. Achaguliwe na mgonjwa mwenyewe, msimpangie. Msimamizi ajue mapema yatakayotokea. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, na hilo halina madhara. Wapo wanaoacha dawa kwa kudhani ni damu. Njaa itakuwa kali, na asiye na chakula huacha dawa ili asiisikie njaa. Sasa ule unga wenu una kazi. Miguu ikifa ganzi, aongezewe vitamini B6 kituoni. Macho au ngozi ikiwa ya njano, akitapika bila kukoma, au akianza kuona ukungu na kuchanganya rangi, asimeze dozi inayofuata. Apelekwe siku hiyohiyo.

Wakati mbaya kuliko yote ni pale anapopata nafuu. Baada ya wiki chache kikohozi kimekata, nguvu zimerudi, kibarua kimepatikana, na vidudu bado viko kifuani. Atakayekatisha hapo anaweza kurudi na TB sugu, ambayo matibabu yake ni magumu zaidi. Wekeni alama kwenye kalenda: makohozi yanapimwa tena mwisho wa mwezi wa 2, mwezi wa 5 na mwisho wa matibabu.

Halafu swali ambalo hamkuuliza: nani alikuwa akilala naye chumba kimoja? Huyu baba anaishi peke yake, lakini kama wapo wajukuu waliokuwa wakija kulala kwake, waorodheshwe. Watoto chini ya miaka 5 wapimwe, na wasio na ugonjwa wapewe dawa ya kinga.

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa umoja wa wanawake katika usharika wetu, Mbeya. Tuna grupu la WhatsApp la kuchangia wagonjwa. Hivi karibuni tulitangaza jina la dada mmoja na ugonjwa wake ili watu waguswe, tukaweka na picha. Michango ilipatikana, lakini dada amehama mtaa. Tulikosea wapi?

Mmekosea kwenye ugonjwa na kwenye picha, na tunawashukuru kwa kuuliza wazi. Mchango haukuhitaji chochote kati ya hivyo viwili. "Mwenzetu mmoja anahitaji nauli ya kliniki ya miezi mitatu" inatosha kabisa kumgusa mwenye kuguswa. Asiyeguswa bila kuona picha ya mgonjwa kitandani, mchango wake mnaweza kuishi bila huo.

Kama ugonjwa wenyewe ni VVU, jambo hili limevuka adabu na kuingia kwenye sheria. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu. Idhini ya kutoa siri ni yake mwenyewe, haitoki kwa mume, mchungaji wala kamati.

Sasa utaratibu. Jina kamili na ugonjwa vijulikane na watu wawili tu: anayemtembelea na mmoja anayeshika nafasi yake akisafiri. Mtunza hazina ajue kiasi na namba, kwa mfano "namba 7, nauli, shilingi 12,000". Daftari lenye majina likae nyumbani kwa mtu mmoja, kwenye sanduku linalofungwa, lisisafiri kwenye mkoba kwenda kwaya. Maombi ya wazi yawe kwa ajili ya "wagonjwa wetu". Anayetaka kutajwa ataomba mwenyewe.

Tazameni pia mnavyofika nyumbani kwake. Wanawake sita wenye vitenge vya sare, wote mlangoni kwa mgonjwa mmoja siku ya Jumatano, ni tangazo tosha bila mtu kufungua mdomo. Aende mmoja au wawili, nguo za kawaida, saa ambayo majirani huonana kwa kawaida. Na mkitembelea nyumba ya mjane mzee na ya mzazi aliyejifungua kwa utaratibu uleule, hakuna atakayejua mmefuata nini kwa nani.

Kuhusu dada: futeni picha, kila mmoja kwenye simu yake, siyo kwenye grupu tu. Atakayempata amwombe radhi bila kujitetea, na amuulize jambo moja: je, huko alikohamia ameshapata kliniki? Mtu aliyehama kwa aibu huwa ameacha na kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Kituo cha zamani kinaweza kumwandikia uhamisho, na asipokuwa nao asikae bila dawa akiusubiri. Aende kituo cha karibu na chupa yake ya dawa, watamsikiliza.

Mimi ni mwanakwaya Mwanza. Mama mmoja tunayemhudumia anatumia ARV. Alipimwa akaambiwa virusi havionekani. Akaenda kwenye maombi, mtumishi akamtangaza amepona, na sasa ameacha dawa wiki ya tatu. Ana ushahidi wa karatasi ya hospitali. Nitamjibu nini?

Karatasi yake ni ya kweli. Kilichopotoka ni tafsiri yake, na ni muhimu uanze kwa kumkubalia kwamba majibu ni mazuri, maana aliyafanyia kazi kidonge kwa kidonge.

Kuna vipimo viwili vinavyochanganywa. Kimoja kinauliza: je, VVU vimo mwilini? Hicho ndicho alichopimwa mara ya kwanza. Cha pili, kipimo cha wingi wa virusi, kinauliza: kwenye mililita moja ya damu mna nakala ngapi? Hufanywa miezi 6 baada ya kuanza dawa, na akiwa vizuri hurudiwa kila mwaka. "Havionekani" maana yake dawa imevibana hadi mashine haivioni kwenye damu. Vilivyobaki vimejificha ndani ya chembe za mwili ambako dawa haivifikii. Akiacha dawa vinatoka, na kwa watu wengi vinaonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache tu. Mfano anaoweza kuushika ni mlango uliofungwa kwa kufuli: mwizi hayumo sebuleni, lakini bado yuko uani, na kufuli ni kile kidonge.

Habari njema aliyoikosa kwenye madhabahu iko kwenye karatasi ileile: mtu ambaye virusi vyake havionekani na anaendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mwambie hilo. Kwa mama aliyekata tamaa ya ndoa lina uzito kuliko hotuba yoyote ya kumtisha.

Usimwambie aanze tu kumeza vilivyobaki nyumbani. Arudi CTC na umsindikize, kwa sababu wiki tatu bila dawa ni za kuangaliwa. Wataulizia kikohozi, homa, jasho la usiku, na kichwa kinachouma mfululizo. Kichwa hicho kwa mtu ambaye kinga imeshuka si cha kumeza panadol na kulala. Kinaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Akiogopa kugombezwa, ingia naye, na wewe ndiye useme: "Mama amekatiza wiki tatu, amerudi mwenyewe." Neno hilo "amerudi mwenyewe" hubadilisha sura ya mhudumu.

Kama watamkuta na TB pia, shika hili: dawa ya TB iitwayo rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegravir iliyomo kwenye kidonge chake cha kila siku, kwa hiyo huongezewa kidonge kingine cha dolutegravir saa 12 baadaye. Akitoka dirishani na kidonge kimoja tu kwa siku huku ameanzishiwa dawa za TB, rudini mkaulize kabla ya kuondoka.

Na mtumishi? Mwendee faraghani, ukiwa na kiongozi wako, usimshambulie. Mwombe aseme sentensi moja tu: "Endelea na dawa, nami naendelea kukuombea." Wakatoliki wanaosoma hapa wanayo sura ya 38 ya Yoshua bin Sira, ambayo inamwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi. Akikataa kusema sentensi hiyo, msimpelekee wagonjwa.

Assalaam alaykum. Mimi ni ustadhi Tanga, msikiti wetu una kikundi cha kuwatembelea wagonjwa. Ramadhani wagonjwa wa kisukari hawataki kula, na wengine huacha dawa kabisa mchana na usiku. Tuwasaidieje bila kuonekana tunawazuia kufunga?

Wa alaykum salaam. Jambo hili lisingoje mwezi uandame. Imamu alizungumze kwenye hotuba za Rajabu na Shaabani, kwa sababu mgonjwa wa kisukari anatakiwa kuonana na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani ili dozi ipangwe upya. Ikishaandama, kila mtu ameshaamua. Na neno la kutofunga likitoka kwa imamu, akisoma aya ya 184 ya Suratul Baqara inayompa mgonjwa siku nyingine, na fidia ya kulisha maskini kwa asiyeweza kabisa, mzee hatahisi amevunjiwa heshima. Likitoka kwa kijana wa kikundi, atalikataa.

Atakayeruhusiwa na daktari kufunga asiache dawa. Hubadilishwa saa na kiasi. Wa kuangaliwa zaidi ni anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, maana hivyo hushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Kujichoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Msikiti ukiwa na mashine moja na mtu aliyefundishwa, wapimeni adhuhuri na alasiri. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L), afungulie hapohapo, hata zikibaki dakika ishirini kufika magharibi. Hizo dakika ishirini ndizo zinazoua, kwa sababu kila mtu humwambia "vumilia kidogo".

Dalili za kushuka ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kusema maneno yasiyoeleweka. Mpeni sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, pimeni tena baada ya dakika 15, rudieni kama haijapanda, kisha ale. Aliyezimia msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Mwenye TB aliye miezi miwili ya mwanzo mara nyingi ni dhaifu mno kufunga, aulize kwanza. Atakayeruhusiwa anaweza kumeza dozi yake moja ya siku usiku, saa ileile kila siku. Mwenye ARV ya kidonge kimoja kwa siku hana tatizo, aimeze akifuturu.

Kikundi chetu Njombe kinakusanya fedha kila mwezi kwa ajili ya nauli za wagonjwa wanaokwenda kuchukua dawa. Hazitoshi. Tuongeze mchango?

Kabla ya kuongeza mchango, punguzeni safari. Mgonjwa wa VVU aliye imara, ambaye virusi vyake vimebanwa, anaweza kupewa dawa za miezi mitatu, wengine sita. Kama safari moja kwenda na kurudi ni shilingi 10,000, anayekwenda kila mwezi anahitaji 120,000 kwa mwaka, na anayekwenda kila miezi mitatu 40,000. Wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba. Msindikizeni siku moja aulize: "Je, nafaa kupewa za miezi mitatu?" Akiambiwa bado, aulize kinachokosekana, mara nyingi ni kipimo cha wingi wa virusi kilichopitwa na tarehe, na damu ya kipimo hicho inaweza kuchukuliwa siku ileile.

Fedha isikabidhiwe mkononi kwa mgonjwa mwenye deni dukani. Lipeni bodaboda moja kwa moja, dereva mmoja mnayemwamini, asiyeambiwa anampeleka nani kufanya nini.

Na kwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza, msichange kwanza. Anastahili msamaha wa gharama katika vituo vya serikali. Chukueni barua kwa mtendaji wa kijiji au mtaa yenye jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Maria na Mariamu ni watu wawili kwenye kompyuta. Muipeleke ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali siku anayolazwa. Wengi huikumbuka siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafungwa, na mzee anakaa wodini siku nyingine tatu kama rehani.

Habari za huko. Sisi ni vijana wa kanisa hapa Kilifi, Kenya. Tunawasajili wazee kwenye SHA, bima ya afya ya jamii ya serikali, lakini wengine wanaambiwa walipe pesa nyingi kuliko uwezo wao. Kwa nini?

Chanzo kikubwa ni majibu mnayojaza kwa haraka. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, na asiye na mshahara hukadiriwa mchango kwa maswali ya hali ya maisha: nyumba, paa, maji, moto wa kupikia. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nacho hulipwa cha mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Kijana akimjazia nyanya nyumba ya mwanawe wa Mombasa badala ya chumba anacholala, makadirio hupanda. Kaeni naye nyumbani kwake, mjaze mnachokiona.

Tatizo la pili ni simu. Usajili wa *147# huhitaji laini, na mkisajili kwa laini ya mjukuu aliyeko Malindi, ujumbe wa uthibitisho utaenda Malindi. Asajiliwe kwa laini yake hata kama simu ni ya kuazima, na kadi ya laini ifungwe pamoja na kitambulisho.

Aliyesajiliwa ambaye hajalipa asibaki nyumbani. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 zinalipiwa na mfuko wa serikali, anachohitaji ni kuwa amesajiliwa. Kulazwa katika hospitali kubwa ndiko kunakotaka mchango uwe umelipwa, kwa hiyo zile 3,600 zichangwe mapema, angali anatembea.